Benchi la Nyuma

Jumapili hiyo Mzee Zefania hakuketi mbele na wazee wenzake wa kanisa. Alipita moja kwa moja hadi benchi la mwisho, alikokuwa amesinzia mwanawe Obedi, ananuka pombe ya jana.

Mchungaji alikuwa amemsihi kabla ya ibada: "Mzee, hakuna aliyekwambia ujiuzulu."

"Maandiko yameniambia. Mzee wa kanisa huanza na nyumba yake. Yangu imenishinda, Mchungaji."

Sinia ya vikombe vya ushirika ilipitishwa benchi kwa benchi mpaka ikamfikia. Akaipokea kwa mikono miwili na, kwa mazoea ya miaka, akasimama ili awahudumie watu. Nyuso zikamgeukia. Kinanda kikanyamaza. Ndipo akakumbuka kwamba kazi hiyo si yake tena.

Obedi alifumbua macho, akamshika upindo wa koti.

"Kaa, Baba," alinong'ona. "Kaa na mimi."

Mzee Zefania akageuka na sinia yake, akitafuta wa kumpa. Nyuma yao kulikuwa na ukuta tu.