Jina la Sifa la Mzee Kakakuona

Enzi zile wanyama walipokuwa wakipeana majina ya sifa, Chiriku ndiye aliyekuwa malenga wa msitu. Siku moja akaagizwa amtungie jina Mzee Kakakuona, aliyejua mengi na kusema machache. Akishindwa, umalenga ungekwenda kwa Kunguru.

Chiriku akahangaika. "Mkimya" halikufaa, maana hata gogo ni kimya. "Bahari ya hekima" nalo likamchukiza, kwani bahari haiachi kunguruma. Akatunga, akatupa, akatunga tena, hata sauti ikamkauka.

Siku ya sherehe akasimama mbele ya wote, mdomo wazi, bila neno.

"Leo kisima kimekauka!" Kunguru akacheka. "Shuka, ndugu yangu, wenye koo tupande."

Chiriku akamtazama mzee, aliyekuwa amejikunja kama kawaida yake, akakumbuka.

"Mwaka jana upepo uliangusha kiota changu," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Nyote mlikuja mkanipa pole mpaka jua likazama. Mzee huyu aliniambia, 'Jenga chini.' Nikajenga chini." Akanyoosha bawa kuelekea makinda wake waliojipanga tawini. "Hawa hapa."

Uwanja ukatulia, hata Kunguru akafumba mdomo.

Kakakuona akajikunjua polepole, akainua pua yake ndefu.

"Jenga Chini," akasema. "Jina ndilo hilo."

Chiriku akabaki malenga. Alfajiri iliyofuata akaanza tena makelele yake, maana tabia ni ngozi, na msitu mzima ukamwacha apige.