Pumzi ya Mama

Mtu ambaye pumzi yake ina gesi ya kisima huhesabiwa kuwa sehemu ya kisima, na kisima hakihami. Ndiyo sheria.

Somoe alipima pumzi za mji mzima maabarani, siku nenda siku rudi, hata macho yakachoka. Leo chupa yenye pumzi ya mama yake ilitoa alama za gesi ya kisima, ile itokayo kwenye mwamba wa chini. Na asubuhi mama alikuwa akifunga mizigo: “Ijumaa tuko kwa kaka yako, mwanangu.”

Somoe akaifungua chupa dirishani, akapuliza ndani pumzi yake mwenyewe, akaipima upya.

Mistari ya kipimo ikapanda palepale ilipopanda kwa pumzi ya mama.

Akavuta kiti, akaketi, akapiga simu nyumbani.

“Mama, fungua mizigo.”