Dagaa Wasio na Chumvi

Kwa mara ya nne mwezi ule, Mzee Khatib alikaa kwenye foleni ya kituo cha afya, Msuka, akiwa mzima kabisa.

Zamu yake ilipofika aliingia, akavua kofia, akaivaa tena. Daktari Laila alimwonyesha kiti. Alikuwa amehamishwa kutoka Unguja miezi miwili tu nyuma, na hakuwa akijua bado nani ni nani kijijini.

"Leo umekuja na lipi, babu?"

"Kuna maneno yazunguka kwenye simu. Wasema mwenye presha ameze kitunguu saumu na ndimu siku saba, halafu vidonge avitupe. Kweli hayo?"

"Si kweli. Kitunguu saumu atie kwenye mchuzi kama kawaida. Vidonge asiviache, hata akijisikia vizuri. Presha haipigi hodi."

"Vidonge asiviache," alirudia mzee kwa sauti ya chini, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura ya Kurani.

Wiki ya kwanza alikuwa ameuliza habari za pweza. Ya pili, tui la nazi. Ya tatu aliuliza chumvi, na hapo alikaa kuliko foleni ilivyopenda. Alitaka kujua kama chumvi ina madhara kweli, au madaktari wanawaonea choyo watu raha zao. Daktari Laila alimweleza taratibu namna inavyoipandisha presha.

"Kwa hivyo mtu akipunguza chumvi kwenye mchuzi, hakukosea?"

"Hakukosea hata kidogo."

Mzee Khatib aliivua tena kofia, akaipakata mapajani.

Yote hayo aliyauliza kwa ajili ya Bi Duni. Jina hilo alilitaja siku ya kwanza, pamoja na presha yake, na kila mara daktari alimwambia amlete apimwe. Kila mara mzee alijibu inshallah.

"Basi mpe salamu zangu mkeo," alisema daktari.

"Zitafika," alisema mzee.

Kazi yake ilikuwa kuuza dagaa wakavu sokoni. Dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hilo kila mtu analijua. Lakini tangu ile wiki ya tatu aliweka pembeni fungu moja alilolichemsha mwenyewe kwa maji matupu, na hakuliuza ovyo. Na hapo mezani ndipo alipoimwaga elimu yake yote. Mtu amekuja kununua kitoweo, anapewa darsa la presha. Wateja walimchoka, wengine wakawa wanapitia meza ya pili. Himid tu, mtu mpole afanyaye kazi msitu wa Ngezi, ndiye aliyekuwa na subira ya kumsikiliza mpaka mwisho, na subira yake ilimpatia lile fungu la pembeni.

Alasiri mzee alirudi nyumbani, akachemsha muhogo, akaula na dagaa walewale wasio na chumvi, peke yake. Siku za mwanzo hawakupita kooni. Sasa alikuwa amezoea. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imelala nyuma ya mlango, imeshika vumbi. Upweke ulimuuma hasa, na chambilecho wakubwa, majuto ni mjukuu. Hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Jumatatu alikuja asubuhi mapema, akaipita foleni bila kuomba radhi.

"Kichwa chamuuma. Kisogoni. Leo siku ya tatu."

"Na macho? Anaona vizuri?"

"Sijui. N'taulizia."

Daktari Laila aliweka kalamu chini. "Mume gani asiyejua macho ya mkewe?"

Mzee Khatib alitazama sakafu. Hapo daktari alijiwa na fikra iliyompoza hasira: pengine huyo Bi Duni alishazikwa zamani, na babu huyu bado anamuuguza.

"Babu," alisema kwa upole, "Bi Duni yu hai?"

"Yu hai. Alhamdulillahi."

"Basi aletwe leo hii, macho tutayaangalia hapa. Mwenye presha akiumwa kichwa namna hiyo hangojwi. Akichelewa atapooza, au tutamkosa."

Mzee Khatib alitoka mbio kwa kadiri magoti yalivyomruhusu.

Kabla ya adhuhuri alikuwa amesharudi, amekaa kwenye benchi la nje katikati ya watu, tasbihi mkononi. Gari ya kukodi ilisimama. Bi Duni alishushwa, akapita amejishika kichwa. Aliwasalimu waliokaa, nao wakaitikia. Mzee Khatib aliitikia pamoja nao, macho chini.

Ndani, presha ilikuwa juu mno. Daktari Laila alimpa dawa, akakaa naye, akapima tena na tena mpaka ikaanza kushuka, kisha akaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Aliufungua mlango akiwa na furaha.

"Mzee Khatib, njoo umshike mkono mkeo. Umemwahi. Atapona, inshallah."

Mzee Khatib hakuinuka. Aliyeinuka ni Himid, aliyekuja na mgonjwa garini. Aliingia, akamshika mkewe mkono, akatoka naye polepole kuelekea kwenye gari.

Walipofika mbele ya benchi Bi Duni alisimama.

"Daktari wa zamani alinambia maneno yayo hayo ya chumvi, Khatib," alisema. "N'kakupikia mchuzi usio na chumvi siku moja tu, ukanipa talaka tatu."