Padi ya Fainali

"Nataka kidole moja ifanye kazi ya vidole nne, fundi," Ngugi alisema. "Na mtu asijue mpaka siku yenyewe."

Aliweka padi ya gemu mezani, ile ya kijivu yenye waya, ya miaka ya tisini. Junaid aliigeuzageuza. Mjini Nyeri hakukuwa na fundi mwingine wa mashine za gemu za zamani. Watu walimletea kutoka Othaya mpaka Timau. Lakini kazi ya namna hii alikuwa ameapa kutoifanya tena.

"Hizi vitufe za juu uzilete karibu na za mwelekeo," Ngugi aliendelea. "Kidole isitembee mbali. Zile ngumi za kubonyeza tatu pamoja, nipatie kitufe moja. Na huku chini uweke mpira, isiteleze."

"Ya kuchezea wapi?"

"Wewe nitengenezee tu." Hakumtazama usoni.

Junaid alijua jibu kama hilo lina maana gani. Miaka miwili nyuma alimwekea mteja kichipu ndani ya padi bila kuuliza ni cha nini. Kwenye mashindano ya Karatina padi ile ilifunguliwa mbele ya ukumbi mzima, na jina la Junaid likatajwa kwa kipaza sauti. Kuna wateja ambao hawakurudi tena.

Angepaswa kukataa. Ila kazi yenyewe ilikuwa ngumu, ya aina inayomwasha fundi vidole. Aliifungua padi, akakata njia za shaba kwenye bodi kwa wembe, akalehemu nyaya nyembamba kama nywele. Siku ya tatu ilikuwa tayari. Aliijaribu kwa kidole gumba: ngumi, teke, ngao, vyote bila kuhangaika. Hakuwa amewahi kutengeneza kitu kizuri kama hicho, na hilo ndilo lililomtisha.

Ngugi aliichukua Alhamisi. Ijumaa, Junaid aliona tangazo kwenye simu: fainali ya gemu za zamani, Nanyuki, Jumamosi saa nane. Ngugi dhidi ya Tabby.

Chakula kilimshinda. Mkewe, Rukaya, aliondoa sahani.

"Baba Sumeya, watu wa Karatina walikutaja wao," alisema. "Safari hii nenda ujitaje mwenyewe."

Saa nane kasoro dakika tano alikuwa mlangoni mwa ukumbi, anahema. Viti vilijaa. Mbele, runinga nene ya zamani ilikuwa inawaka juu ya meza. Ngugi alikaa upande mmoja, mfuko wa karatasi mapajani. Upande wa pili alikaa Tabby, msichana wa miaka ishirini na kitu, amejifunika shuka mabegani mpaka kidevuni. Hakumtazama mtu.

Junaid alijipenyeza kwenye benchi la nyuma, karibu na mama mmoja mwenye kofia ya sufu.

"Msichana hajaonekana tangu nusu fainali, ati alikuwa hospitali. Leo alikuja kujitoa," mama alimnong'oneza. "Alitaka ampatie huyo kijana kombe, aende nyumbani. Kijana amekataa. Ati ni lazima wacheze."

"Lazima?"

"Amemkatalia mbele ya watu wote. Hiyo ni roho gani?"

Damu ilimpanda Junaid kichwani. Kumbe kushinda hakukumtosha Ngugi. Alitaka kumpiga msichana aliyekwisha kukata tamaa, ampige watu wakiona, na ampige kwa kazi ya mikono ya Junaid.

Mwamuzi, mzee Moffat, alisimama na karatasi yake. "Raundi tano. Kila mtu na padi yake. Padi iliyobadilishwa hairuhusiwi, isipokuwa mpinzani akubali."

Ngugi alitia mkono kwenye mfuko wa karatasi, akaitoa padi.

Junaid alisimama. "Mwamuzi! Hiyo padi imebadilishwa. Ni mimi nimeibadilisha."

Vichwa vyote viligeuka. Mtu mmoja alimtambua. "Si huyu ni yule fundi wa Karatina?" Kicheko kikaenea, kisha minong'ono. Junaid alibaki amesimama, uso unamchoma.

Mzee Moffat alimgeukia Ngugi. "Ni ukweli?"

"Ni ukweli."

"Imebadilishwa kiasi gani?"

"Yote."

Ukumbi ulilipuka. Mtu alipiga mluzi, mwingine akapaza sauti kwamba atolewe nje. Mzee Moffat alipiga meza kwa kiganja mpaka wakanyamaza.

"Sheria umeisikia, kijana," alisema. "Mpinzani amekubali?"

"Mpinzani ni mimi," Ngugi alisema. "Nimekubali."

Aliinuka, akazunguka meza, akaiweka padi mbele ya Tabby, mpira wake ukashika mbao. Tabby alivigusa vitufe kwa kidole gumba cha kushoto. Kisha akaiacha shuka ianguke, na ukumbi mzima ukauona mkono wa kulia wa sweta yake, mtupu, umekunjwa na kubanwa kwa pini begani.