Jua la Harusi ya Raya

Siku hizi mjini Leicester kila nyumba hupewa alasiri moja ya jua kwa mwaka, na mvua ambayo ingeinyeshea huhamishiwa mtaa mwingine. Mtaa gani, mwenye jua haambiwi.

Mzee Mwinyihaji aliitunza alasiri yake kwa ajili ya harusi ya bintiye Raya. Alitandika mikeka bustanini, akapika pilau kwa kuni kama kwao Pemba, na akamweleza kila mgeni kwamba mtu mwenye mipango hailaumu hali ya hewa ya Uingereza.

Bi Mwanakheri, rafiki wa mkewe anayekaa mtaa wa nyuma, aliingia akichuruzika maji, buibui limemganda mwilini.

"Hongera, shemeji. Kumbe jua mmelificha huku."

"Kwenu kunanyesha?"

"Dari limeporomoka. Bwana wangu, na ugonjwa wake ule, majirani wanamsogeza na kitanda chake kila pembe, hawapati pakavu. Sikuja kula, nimekuja kuomba turubai."

Mzee akalitoa turubai stoo, akamkabidhi bila kumtazama usoni.

Simu ya Mzee ikatoa mlio, ujumbe umeingia. Alasiri yake ilikuwa inakwisha. Je, aongezewe saa moja? Bwana harusi na watu wake walikuwa bado njiani.

"Nani huyo?" akauliza Bi Mwanakheri.

"Watu wa bwana harusi," akasema Mzee. Akampa mgongo, akabonyeza ndiyo.