Chumvi ya Ngazini

Mbwa wa Mashavu aligoma katikati ya ngazi za nje, zilizoganda barafu. Aliinua mguu mmoja, kisha mwingine, kama aliyekanyaga makaa. Mashavu akambeba. Nyayo zilikuwa zimepasuka, na damu ikamchafulia koti.

"Mzee Shekue!" alifoka. Msimamizi wa jengo alikuwa pale chini na ndoo yake, akitawanya chumvi ya kuyeyushia barafu kama anayelisha kuku. "Chumvi inamchoma! Si nilikuomba umwage mchanga? Gunia zima limekaa bure stoo!"

"Mchanga unachafua zulia la mwenye nyumba," mzee alijibu bila kugeuka. "Na huyo ni mbwa, mwanangu. Mbwa hazaliwi na viatu."

"Kwani wewe ulizaliwa navyo?"

Mzee akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomtia Mashavu wazimu. Alimrudisha mbwa ndani ya mlango, akavua buti, akavua na soksi, akashuka hadi palipojaa chumvi. Akasimama hapo, miguu mitupu.

"Usiniletee balaa! Toka hapo!"

"Sitoki. Nataka nijue anachokijua mbwa wangu."

Watu wakaanza kuchungulia madirishani. Miguu ya Mashavu iliiva kwa wekundu, meno yakagongana, lakini macho yake hayakubanduka usoni pa mzee. Nyuma ya mlango mbwa alikuwa akilia.

Mzee Shekue akaweka ndoo chini. Alivitazama viatu vyake, kisha akainama, akaanza kufungua kamba.