Harufu ya Kafuri

Bwana Mbaruku aliinamia sufuria ya pilau akanusa, kisha akaunusa mkono wa mpishi wake.

"Kafuri," alisema. "Kumbe ni kweli. Ukitoka hapa mgahawani kwangu unakwenda kuosha maiti."

"Nikiitwa naenda," alijibu Zuwena. "Naoga, nabadili nguo, ndipo narudi jikoni."

"Wateja wakijua, nani atakula hapa? Chagua moja. Jiko langu, au maiti wako."

Zuwena akaanza kufungua aproni. Fundo moja lilifunguka, la pili likamshinda. Mwaka jana alimwosha mama yake huyu bwana. Mbaruku alikuwa nje na wanaume wenzake, akingoja mwili utolewe, wala hakujua nani alikuwa nyuma ya pazia. Neno moja tu lingetosha. Lilimfika mdomoni, akalimeza. Mwosha hamsimangi mwana wa maiti.

Mlangoni alikuwa amesimama Saumu, mke wa Mbaruku. Siku ile ndiye aliyeshika kata, akimmiminia Zuwena maji. Alimtazama mumewe, akaingia, akachukua sahani.

"Nipakulie, dada Zuwena."

"Saumu, hukusikia nilivyosema?" mumewe aliuliza.

"Nimesikia. Nipakulie, dada, kwa mikono yako hiyo hiyo niliyoimiminia maji mwaka jana."

Zuwena alishika mwiko, aproni ikining'inia upande mmoja. Sahani tupu ilibaki juu ya mvuke. Mbaruku alimtazama mkewe kwa muda, kisha, taratibu, akaigeukia mikono ya mpishi.